Nilivyoirudisha Ubuntu yangu bila kufuta hata faili moja

Fundi wa kwanza niliyempelekea kompyuta yangu hakuitazama hata dakika 5. “Dada yangu, diski hii imekwisha, acha tukupigie Windows upya,” aliniambia, na akataja bei ya elfu 40 na kitu. Bei haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba ndani ya Ubuntu, mfumo wa pili niliouweka kando ya Windows, kulikuwa na kazi ya tafsiri ya miezi mitatu ambayo sikuwa nimeitolea nakala, na mtu aliyetaka kuifuta hakuwa amejiuliza kwanza kama ipo.

Diski yenyewe ilikuwa nzima. Ni ya zamani, imegawanywa kwa MBR, mpango wa zamani wa kugawa diski, ambao unaruhusu patisheni (yaani vipande vya diski) kuu 4 tu. Zinazoundwa ndani ya mojawapo ya hizo huhesabiwa kuanzia 5. Windows ilikaa kwenye ya 1, ya 5 ilikuwa tupu, na Ubuntu ilikuwa kwenye ya 6. Siku moja, nikiwa kwenye Windows, niliifuta ile ya 5 ili nipate nafasi ya picha, na papo hapo ile ya 6 ikageuka kuwa ya 5. Lakini GRUB, ile programu inayokuuliza unataka kuingia mfumo upi, ilikuwa imeandikiwa kwamba faili zake ziko kwenye ya 6. Nilipowasha, nikapata kioo cheusi, mstari unaosema patisheni haipo, na maneno grub rescue> yakinisubiri.

Ndugu yangu mmoja alinishauri niingize flashi ya Windows na kuandika bootrec /fixmbr. Nashukuru sikumsikiliza, maana amri hiyo ingefuta kipande cha GRUB kilichoko mwanzoni mwa diski: Windows ingewaka vizuri, na Ubuntu ingebaki mle ndani bila mlango. Jirani naye alinipa maelekezo aliyoyanakili kwenye karatasi, nami nikayafuata neno kwa neno hadi saa saba usiku, nikiandika (hd0,msdos6), yaani patisheni ya 6 ya diski ya kwanza, kila mara na kila mara nikikataliwa. Namba ile ilikuwa ya kompyuta yake.

Nilipoiweka karatasi kando ndipo nilipoandika ls, amri ya kuorodhesha vilivyopo, peke yake. Yakatokea majina matatu: (hd0), (hd0,msdos5) na (hd0,msdos1). Nikaanza kuchungulia moja moja. Nilipoandika ls (hd0,msdos1)/ nilijibiwa kuwa mfumo wa faili haujulikani, jambo ambalo halikunitisha kwa kuwa pale ndipo ilipo Windows, na GRUB ikiwa katika hali ile ya dharura haina uwezo wa kuisoma. Nilipoandika ls (hd0,msdos5)/, alama ile ya / ya mwisho ikiwemo, folda zikamiminika: boot, etc, home, usr, var. Nililitazama neno home kwa muda mrefu, kwa sababu kazi yangu ilikuwa humo.

Yaliyobaki yalikuwa mistari minne ya kuiambia GRUB faili zake ziko wapi, kisha kuiwasha:

set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
set root=(hd0,msdos5)
insmod normal
normal

Menyu ya zambarau ikarudi, nikaingia Ubuntu, nikanakili tafsiri yote kwenye flashi kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kisha nikazima na kulala.

Asubuhi nikakutana na kioo kileile cheusi. Ile mistari minne hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, na ukizima inapotea, kwa hiyo ilinibidi niiandike tena na safari hii nimalizie kazi nikiwa ndani ya Ubuntu. Amri ni sudo grub-install /dev/sda, ikifuatiwa na sudo update-grub. Angalia sana hapo: ni sda, jina la diski yenyewe, bila namba ya patisheni, kwa sababu GRUB inawekwa mwanzoni mwa diski nzima; mimi niliandika sda5 kwanza ikagoma. Amri ya pili ilipomaliza, iliorodhesha Ubuntu na Windows pia.

Niliwasha na kuzima mara tatu ili niamini, nikaingia Windows mara moja, nikarudi Ubuntu, na kabla ya adhuhuri tafsiri ilikuwa imeshamfikia mwenyewe.