Ukipata nafasi

Mwaka 2008 nilikuwa karani mchanga kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, si mbali na Sanamu ya Askari. Kazi niliipata kwa sababu ya Kiingereza changu. Nilikuwa na B ya kidato cha nne, na B hiyo ilikuja kuwagharimu watu hela.

Jumatatu moja iliingia barua pepe ya muuzaji wa Uingereza. Jina la mteja wetu lilikosewa herufi kwenye nyaraka za meli, akataka tumthibitishie lililo sahihi: "Kindly reply at your earliest convenience." Nikaisoma mara mbili, nikaelewa: jibu ukipata nafasi. Mstaarabu huyu, nikasema, hana haraka. Nafasi nikaipata Ijumaa.

Kumbe meli ilishafunga gati. Jina la kwenye karatasi lisipolingana na la forodha, mzigo hautoki, na siku za bure zikiisha kontena linaanza kula storeji, yaani ada ya kukaa bandarini, Jumapili na sikukuu halipumziki. Mzee, bosi wetu, hata hakufoka. Aliniuliza tu, "Kijana, hiyo nafasi ulikuwa unaitafutia wapi?"

Nikakaa kumwandikia muuzaji jina sahihi, atutumie nyaraka mpya, vidole vinatetemeka: "You must reply today." Darasani tulifundishwa "must" ni lazima, na siku ile mimi nilikuwa na lazima tele.

Nyuma yangu alisimama Mama, katibu muhtasi wetu tangu enzi za taipureta, anamenya chungwa. Alilimenya kama wauza machungwa wa barabarani, ganda moja refu lisilokatika mpaka mwisho.

"Futa," alisema. "Hiyo 'must' ni ya trafiki. Umelala wewe siku nne, halafu unamwamrisha mwenzio?"

"Si alisema nikipata nafasi, Mama?"

"Mwingereza akikwambia ukipata nafasi, jua nafasi imeshaisha. Na usimshangae. Mgeni akipiga hodi kwako, anakuomba umjibu? Haombi. Haya, usipomjibu?"

Akanieleza huku anatafuna. "Must" ukimwambia mtu, amri inatoka kinywani mwako, rungu umelishika wewe. "Have to" lawama inaipeleka kwingine: bandarini, kwenye sheria. Hapo nikaiona "inabidi" yetu. Ile i ya mwanzo ni nani? Si mtu. Huna wa kugombana naye. Miaka yote hiyo naitamka, sikuwahi kuushtukia ujanja wake.

Tukaandika upya, yeye anasema mimi nachapa: "We have to submit the corrected papers by Wednesday and would be grateful for your reply." Yaani inatubidi tuwasilishe nyaraka zilizosahihishwa kufikia Jumatano, tutashukuru ukitujibu. Laini kabisa, lakini kamba imo ndani.

Jumanne asubuhi nyaraka zikaja, na mstari mmoja juu yake. Nikausoma kwa sauti ili ofisi nzima isikie nimeokoka: "I do apologise, I owe you a reply."

Mzee akainua kichwa. "Owe" analijua vizuri, kwenye ankara.

"Anatudai tena?"

"Hapana, Mzee. Anasema sisi ndio tunamdai. Jibu."

"Basi mwambie alipe na storeji."