Nani hufanya nini kwenye kituo cha utafiti wa sera za uchumi

Ukitaja vituo vya utafiti wa sera za uchumi kama REPOA au ESRF za Dar es Salaam, KIPPRA ya Nairobi, au EPRC iliyomo ndani ya Chuo Kikuu cha Makerere, wengi humfikiria mchumi mwenye tai anayechambua bajeti kwenye runinga. Huyo yupo. Lakini ile asilimia anayoitaja imeshapita mikono mingi kabla ya kumfikia, na wengi wa wenye mikono hiyo majina yao hayatokei kwenye jalada la ripoti. Naanza nao, maana takwimu ikishaharibika kwao, huku juu haitengenezeki.

Wa kwanza ni mdadisi, anayepita kaya kwa kaya akiuliza maswali ya dodoso. Huajiriwa kwa mkataba wa wiki chache, na timu yake mara nyingi ni wadadisi wanne, msimamizi na dereva. Dodoso la matumizi ya kaya likichukua dakika 90, kaya nne kwa siku zinamtosha, kwa sababu kuna mwendo kati ya nyumba na nyumba na kuna wahojiwa wa kusubiriwa watoke shamba. Akikuletea kaya saba, usimpongeze kwanza. Angalia muda wa kuanza na kumaliza uliohifadhiwa kwenye kishikwambi.

Mafunzo yake yanataka wiki nzima, na siku nyingi huliwa na vipimo. Muulize mama wa nyumbani wametumia mchele kiasi gani, atakujibu kwa kisado au kopo. Nyanya ni fungu, mahindi ni debe. Sasa fungu la Kariakoo si fungu la Lushoto, na hata Lushoto kwenyewe hupungua msimu ukiisha. Kwa hiyo timu huingia sokoni na mizani, hupima mafungu kadhaa ya kila bei, hupiga picha, kisha huandaa jedwali la kilo kwa kila soko. Mtego mwingine ni saa. Mhojiwa akisema alitoka saa mbili asubuhi, kishikwambi kinataka 08:00. Mdadisi aliyechoka huandika 02:00, na kijiji kizima kinaonekana kulima usiku wa manane.

Hata namna ya kuuliza inabadilisha majibu. Mwaka 2007 na 2008 Tanzania lilifanyika jaribio kwenye kaya zipatazo 4,000 kwa njia nane tofauti za kuuliza matumizi, zikiwemo shajara, kumbukumbu ya siku 7, ya siku 14, orodha ndefu ya vyakula, orodha fupi. Kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu, lakini makadirio ya watu wenye njaa yalicheza kati ya asilimia 19 na 68 kutegemea njia iliyotumika. Kwa hiyo anayelinganisha ripoti mbili bila kusoma kiambatisho cha dodoso anapoteza muda wake.

Msimamizi ndiye mwenye faili la vibali: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia, inayotoa vibali vya utafiti), mkoa, halmashauri, kata, kijiji. Ruka ngazi moja uone, timu itashinda kwenye benchi la ofisi ya mtendaji. Kazi yake ngumu zaidi ni orodha ya kaya. Mwenyekiti wa kitongoji ni mwenyeji mzuri, lakini akiachiwa kuchagua atakupeleka kwa jamaa zake na kwenye nyumba zenye viti. Orodhesha kaya zote kwanza, kisha kishikwambi kichague. Baada ya hapo msimamizi hurudia maswali machache kwa kaya moja kati ya kumi.

Dereva hahesabiwi mtafiti, ila akisema daraja la kijiji fulani halipitiki wakati wa masika, msikilize na upange upya ratiba. Ukibadilisha kijiji hicho kwa kilicho kando ya lami, umewaondoa maskini kwenye sampuli bila kuandika popote. Mhasibu naye atadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya bodaboda aliyekuvusha mto. Beba fomu za malipo za kusainiwa kabisa.

Kwenye chumba cha data watu hutafuta namba za kaya zilizojirudia, sifuri iliyozidi kwenye shilingi, na -99, msimbo wa “sijui”, iliyosahauliwa ndani ya wastani. Data ghafi haiguswi. Kila sahihisho huandikwa kwenye faili la amri za Stata, programu ya kuchambua takwimu, ili mwingine aweze kulirudia. Majina, simu na alama za GPS hutengwa mapema, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 hilo si suala la hiari tena.

Mtafiti mwandamizi anapokea kilichosalia na kuandika muhtasari wa sera wa kurasa mbili hadi nne. Wengi huuchelewesha. Mwaka wa fedha Tanzania huanza 1 Julai na hotuba ya bajeti husomwa Juni, lakini mwongozo wa maandalizi hutoka miezi mingi kabla, na kamati za Bunge hukaa Machi. Muhtasari wa Mei utaishia kunukuliwa kwenye magazeti. Anayetaka kugusa fungu la bajeti la wizara aufikishe kwa maofisa mipango kabla ya Desemba, ukiwa na jedwali moja na gharama kwa shilingi.