Starlet ya Mombasa: anza na kutu, injini baadaye

Mtu akiniomba nimsindikize akaangalie gari, bajeti yake ndogo, ataka Starlet ama March ama Vitz zile za kwanza, akifika tu mbio kuwasha injini na kutega sikio. Mie huanza na zulia.

Starlet hii ya zamani, Toyota waliacha kuitengeneza 1999, na Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8, sasa piga hesabu mwenyewe, zote unazoziona barabarani ziko hapa karibu miaka 20 ama zaidi, na kama imelala Nyali ama Bamburi karibu na bahari basi imekula chumvi miaka yote hiyo. Injini yake ile 4E ya cc 1300 haina neno, mafundi waijua vizuri, ikichoka yatolewa yawekwa nyingine. Lakini chesisi ikioza hapo ndo basi tena.

Kwa hivyo nyanyua zulia upande wa dereva ubonyeze bati kwa kidole gumba, kisha fungua buti utoe tairi la spea uchungulie pale chini. Ukiona rangi nyeusi mpya imepakwa nene nene, shuku. Yangu, kabla sijalipa, fundi aliingia chini na bisibisi akawa yuagonga pole pole mbele mpaka nyuma, ko ko ko, bati zima lina mlio wake, lililooza halilii, bisibisi yazama tu na unga mwekundu wamwagika. Beba na sumaku ndogo uifunge kitambaa isikwaruze, ipitishe juu ya magurudumu na chini ya milango, isiposhika hapo ni fila tupu, ile dongo ya kuzibia bati.

Ukishanunua sasa, maji! Visima vingi vya kisiwani ni maji ya chumvi na wanaoosha magari wengine hutumia hayo hayo, yani waosha chumvi kwa chumvi. Tafuta maji tamu, na uwaambie wapige mpaka chini ya gari. Kwenye rejeta usitie maji ya kisima kabisa, tia kulanti, ile dawa ya rejeta ya rangi. Na fundi akikwambia atoe thamostati (kile kifaa kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ishike moto) ati Mombasa joto, mkatalie kwa adabu, injini lazima ifike joto lake la kazi la sivyo yala mafuta bure. Kama yachemka atafute sababu, rejeta imeziba, feni haizunguki, ama gasketi ndo imekwenda.

Mkanda wa taimingi wa Starlet, ule unaozungusha valvu za injini, ni wa mpira na huchakaa, badilisha ukinunua tu hata muuzaji aape ni mpya (Vitz ya 1000 yatumia cheni, hiyo haina shida hii).

Na ukitaka kuijaribu sawasawa, usizunguke mtaani dakika tano ukarudi. Ipeleke foleni ya feri Likoni saa saba mchana, injini yanguruma gari haisongi, jicho kwenye mshale wa joto. Mshale ukitulia katikati mpaka mwavuka, ongea bei.