Siku Nzima Mikahawani Vienna

Kwa kuwa nilipata siku moja huru Vienna, niliyaacha majumba ya kifalme na makumbusho nikaamua kuimaliza yote mezani. Nilianzia Café Sperl, katika barabara ya Gumpendorfer Straße, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1880 na ambao mpaka leo una meza zake za biliadi. Niliagiza Melange, yaani kahawa iliyochanganywa na maziwa ya moto na kufunikwa kwa povu. Mhudumu aliileta juu ya sinia dogo la chuma linalong'aa, pamoja na bilauri ya maji yenye kijiko kilicholazwa kifudifudi mdomoni. Maji hayo usiyaache: tangu mwaka 1873 jiji hilo hupata maji ya chemchemi kutoka milimani kwa mabomba, nayo ni baridi, safi, na huusafisha ulimi kabla ya funda linalofuata.

Magazeti hubanwa kwenye fimbo za mbao, kila mteja akajichukulia alitakalo, na bili haiji mpaka uiombe. Aliyeagiza kikombe kimoja anaweza kuketi saa mbili au tatu asiulizwe neno. Mwaka 2011 Austria iliuingiza utamaduni huu wa mikahawa katika orodha yake ya urithi usioshikika, na kwa maoni yangu ulistahili kabisa, maana kinacholindwa pale si kahawa peke yake, bali pia nafasi ya mtu yeyote kukaa kwa utulivu miongoni mwa watu asiowajua.

Chakula cha mchana kilikuwa Wiener Schnitzel, nyama ya ndama iliyopondwa mpaka ikawa nyembamba, ikapakwa unga, yai na chenga za mkate, kisha ikakaangwa. Ilikuwa nzuri, lakini fikra zangu zote zilikuwa kwenye keki.

Keki yenyewe ni Sachertorte, ambayo husimuliwa kuwa Franz Sacher aliibuni mwaka 1832, akiwa mwanagenzi wa miaka 16, kwa ajili ya Metternich, kansela wa Austria. Baadaye hoteli ya Sacher na duka la keki la Demel walishtakiana kwa miaka mingi kuhusu nani mwenye haki ya kuiita keki yake "ya asili", mpaka wakapatana katika miaka ya 1960, hoteli ikabaki na haki hiyo. Nilizionja zote mbili mchana huohuo, kwani sehemu hizo hazipo mbali. Ya hoteli ina jemu ya aprikoti katikati na tena chini ya ganda la chokoleti. Ya Demel inayo chini ya ganda tu. Tofauti hiyo, ambayo kwa maelezo huonekana ndogo, mdomoni ni kubwa: jemu ya katikati huikatia chokoleti utamu kwa uchachu wake na kuilainisha keki ambayo kwa asili ni kavu kidogo. Mimi nasimama na hoteli, ingawa ganda la Demel lilinipendeza zaidi. Krimu inayowekwa pembeni haina sukari, na asiyeila pamoja na keki anajinyima nusu ya ladha.

Jioni nilikwenda Café Hawelka, mtaa wa Dorotheergasse, ambao Leopold na Josefine Hawelka waliufungua mwaka 1939. Ukumbi ni mdogo, mwanga ni hafifu, kuta zimejaa mabango na picha. Watu huja kwa ajili ya Buchteln, skonzi laini za hamira zenye jemu nzito ya plamu ndani, ambazo hutolewa usiku zikiwa za moto. Yangu niliipasua kwa vidole, mvuke ukatoka, na jemu ilikuwa ya moto kiasi cha kunilazimisha kusubiri. Nilipoimaliza niliagiza nyingine, pamoja na kahawa nyeusi, na hakuna aliyenionyesha saa.