Jinsi ninavyotafuta ubovu kwenye simu ya ofisini inayotumia intaneti

Simu za mezani za ofisini kwetu zimechomekwa kwenye kebo ya mtandao kama kompyuta, na zikigoma naitwa mimi kwa sababu ndiye ninayeangalia ruta. Kilichonifungua macho ni kujua kwamba kila mazungumzo yana safari mbili. Kwanza simu na seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayounganisha simu, hupatana: nani anapigiwa, iite wapi, ikatwe lini. Sauti yenyewe husafiri kivyake. Safari moja yaweza kuwa nzima na nyingine imekufa, kwa hiyo mtu akiniambia tu kwamba simu ni mbovu, namuuliza: inaita? Nani anamsikia nani?

Skrini ikiwa giza naanza na umeme. Simu nyingi za aina hii hupata umeme kupitia kebo ile ile ya mtandao, hivyo ukiihamishia kwenye swichi (kisanduku kinachogawa kebo za mtandao) isiyotoa umeme haiwaki kabisa. Nyuma pia kuna matundu mawili, moja la mtandao na jingine la kompyuta, na ni rahisi kuyachanganya baada ya usafi. Ikiwaka, natafuta anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, kwenye menyu. Ikianza na 169.254, au ikiwa sifuri tupu, haijapewa anwani, na hapo hakuna haja ya kugusa nenosiri. Anwani ikiwepo lakini simu haijasajiliwa, yaani seva haijaitambua, naangalia za wenzake. Zote zikiwa hivyo, tatizo liko kwenye intaneti au kwa mtoa huduma.

Kesi iliyonisumbua sana ilikuwa ya mapokezi. Simu inaita vizuri, mwenzangu anapokea, mteja anamsikia, yeye hasikii neno. Tulibadilisha mkonga na waya wake, ikawa vile vile. Nilipofuatilia nikaelewa: simu ilikuwa inajitambulisha kwa anwani yake ya ndani, ile inayoanza na 192.168, na mtu wa nje hawezi kutuma sauti huko. Ruta nyingi zina kipengele kiitwacho SIP ALG (SIP ndiyo lugha ambayo simu na seva hupatania) kinachojaribu kusahihisha anwani hizo ndani ya ujumbe, na mara nyingi huziharibu zaidi. Nilikizima, nikawasha upya ruta na simu, sauti ikarudi pande zote mbili. Tangu hapo, sauti ikienda upande mmoja tu, hicho ndicho ninachokiangalia mapema.

Ubovu mwingine unaofanana na uchawi ni simu inayopiga vizuri lakini haipokei. Ukipiga wewe, kwa muda mfupi baadaye inapokea, kisha inanyamaza tena. Ruta huacha njia wazi kwa muda tu baada ya simu kuzungumza na seva. Kimya kikizidi, inaifunga, na simu zinazoingia zinakosa pa kupita. Kwenye mipangilio ya simu nilipunguza muda wa kujisajili upya na kuiwezesha kutuma ishara ndogo mara kwa mara. Imetulia.

Sauti ya kukatika-katika ina chanzo kingine. Mazungumzo kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hula takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, kiasi kidogo sana, ndiyo maana kununua kasi zaidi kwaweza kutobadilisha kitu. Kinachoumiza ni pakiti, yaani vipande vidogo vya data vinavyobeba sauti, kuchelewa, kufika kwa vipindi visivyo sawa au kupotea. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150. Kwetu sauti ilivurugika kila kompyuta moja ilipopandisha nakala za mafaili makubwa. Niliipa sauti kipaumbele kwenye ruta, na nakala zikapangwa usiku.

Naomba sana: usikimbilie kuzima na kuwasha kabla ya kusoma skrini. Namba kama 403 au 408 hupotea ukizima, nazo zinasema mengi: ya kwanza ni seva kukataa, ya pili ni muda kwisha bila jibu. Mimi huzipiga picha. Nikilazimika kumpigia mtoa huduma, nampa picha hiyo, saa kamili ya simu iliyoharibika, namba iliyopiga na iliyopigiwa, na upande ambao haukusikia. Kwa hayo anaweza kuitafuta simu hiyo hiyo kwenye kumbukumbu za seva yake.