Nilivyosikiliza kanda za Wami'kmaq pamoja na wenyewe

Ukifungua boksi la kanda ya sauti ya zamani, pua ndiyo inayoanza kazi. Kanda za asetati zikizeeka hunuka siki, na harufu ikishapanda ujue muda umebaki mchache: utepe unajikunja, unakauka, unakatika. Inua gurudumu la kanda mbele ya taa. Mwanga ukipenya ubavuni, hiyo ni asetati, ishike kama yai. Usipopenya ni poliesta, nayo ina ugonjwa wake. Gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu, na ukiicheza hivyo hivyo kanda inanata kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti, na sauti inabanduka pamoja na unga. Ya namna hiyo hupashwa moto taratibu kwa saa kadhaa, kwenye joto la nyuzi 54 hivi, ndipo ichezwe. Asetati haipashwi kamwe.

Hayo niliyajifunza Cape Breton, kisiwa cha mashariki mwa Kanada ambacho Wami'kmaq, wenyeji wake tangu enzi na enzi, wanakiita Unama'ki. Nilitoka Tanga kwenda kusoma, nikapata kazi ya muda kwenye hifadhi ya kumbukumbu, nikakabidhiwa rafu ya nyimbo, hadithi na sala zao. Lugha yenyewe sikujua hata salamu. Naeleza jinsi kazi ile ilivyowezekana kwa sababu najua wapo wenzangu wengi wenye kanda kabatini, za harusi, za tenzi, za babu akisimulia, na hawajui waanzie wapi.

Upande wa mashine haukunisumbua sana. Kanda nyingi zilirekodiwa pande mbili, na ukizicheza kwa hedi inayosoma upana wote, unasikia hadithi inakwenda mbele huku wimbo wa upande wa pili ukirudi nyuma. Dawa yake ni hedi ya nusu upana. Halafu unanasa sauti kwenye kompyuta kwa kiwango cha juu, kilohezi 96 na biti 24, unahifadhi nakala zaidi ya moja mahali tofauti, basi.

Kilichonisumbua kilikuwa maboksi. Juu yake kulikuwa na mwaka, mahali, na jina la aliyeshika kinasa sauti. Jina la aliyeimba, mara nyingi, hakuna. Mtu kaimba nyimbo za mama yake jioni nzima, kisha kwenye orodha anabaki kuwa "mwanamke, Eskasoni". Iliniuma, na bado inaniuma.

Kwa hiyo niliomba ruhusa tuache kuorodhesha ofisini, tupeleke sauti Eskasoni, jumuiya kubwa kuliko zote za Wami'kmaq, kando ya ziwa la Bras d'Or. Bibi mmoja wa huko alikubali kusikiliza nami. Nilimwita Bibi kwa desturi ya kwetu, naye akaridhia. Tulikaa jikoni kwake, kompyuta mezani, spika ndogo mbili, chai. Hedifoni alizikataa tangu mwanzo. Alitaka watu wote waliomo nyumbani wasikie, na alikuwa na haki, maana majina mengi tuliyapata kwa wapita njia: mkwe aliyekuja kuchukua ufunguo, jirani aliyeleta samaki.

Kanda moja aliisikiliza akatikisa kichwa. "Siye huyu. Shangazi hakuwa na sauti nyembamba hivi."

Niliirudisha kazini nikaichunguza. Wimbo ulirekodiwa ndani ya nyumba yenye umeme, na nyuma ya sauti kulikuwa na mvumo mdogo wa nyaya. Umeme wa Kanada unatetema kwa hezi 60, yaani mara 60 kwa sekunde, si 50 kama wa kwetu. Programu ilinionyesha mvumo ule uko kwenye 63. Maana yake kanda ilikuwa inakwenda kasi kupita ilivyorekodiwa, kwa asilimia 5 hivi, na kila sauti imepanda. Nikapunguza mwendo hadi mvumo ukasimama kwenye 60, nikampelekea tena. Mstari wa kwanza haujaisha akawa ameshataja jina la shangazi, la mumewe, na la mtoto aliyekuwa anakohoa pembeni.

Hapo ndipo nilipokataa kabisa kusafisha kelele. Kwenye kanda nyingine kulikuwa na kishindo, kisha mchakacho, kishindo, mchakacho, wanaume wakicheka katikati ya hadithi. Programu ya kusafisha ingekifuta chote. Bibi akasema hao wanacheza waltes: bakuli la mbao linapigwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, dadu sita za mfupa zinaruka, alama zinahesabiwa kwa vijiti. Msimulizi alikuwa anasimulia huku mchezo unaendelea, na vicheko vilikuwa vya mchezo. Vivyo hivyo na mlio mkavu unaofuata nyimbo za ko'jua, ambazo ni za kucheza: ni ji'kmaqn, vipande vyembamba vya mti uitwao ash kwa Kiingereza, vilivyofungwa pamoja, vinavyopigwa kiganjani.

Kuna jambo ambalo mtu wa mbali lazima alijue ili aelewe uzito wa sauti hizi. Kuanzia 1930 hadi 1967 watoto wa Kimi'kmaw walipelekwa shule ya bweni ya Shubenacadie, ambako waliadhibiwa kwa kusema lugha yao. Mshairi Rita Joe alipita huko, na baadaye aliandika waziwazi juu ya lugha aliyonyang'anywa. Nje ya kuta zile wazee waliendelea kuimba, na watu kama Sarah Denny wa Eskasoni wakafundisha vijana nyimbo na michezo ya ngoma. Tangu Oktoba 2022 sheria ya Nova Scotia, jimbo ambamo kisiwa hiki kimo, inaitambua Kimi'kmaw kuwa lugha ya kwanza ya jimbo. Walimu wanahitaji sauti za wasemaji wa zamani, na zipo kwenye kanda hizi zinazonuka siki.

Lakini si kila sauti ni ya kila sikio. Tangu 1998 mataifa ya asili ya Kanada yana kanuni kwamba taarifa zao ni mali yao, wao ndio wa kusema nani azione na zikae wapi. Kwetu ilimaanisha kuuliza familia, wimbo kwa wimbo. Nyimbo za kucheza walisema zifunguliwe kwa wote. Sala za msibani familia moja ilitaka zibaki kwao, nasi tukazifunga. Mtafiti aliyezitaka alilalamika. Mimi niko upande wa familia.

Nikiwa huko nilizifikiria sana kanda za Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyepita Kenya na Tanganyika akirekodi. Ziko Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Sauti za Wakipsigis wa Kenya alizozinasa mwaka 1950 zilikaa zaidi ya miaka 60 kabla nakala hazijarudishwa kwao.

Kwa hiyo mwenye kanda nyumbani, usingoje mashine. Andika leo majina ya waliomo, nani mama wa nani, iliimbwa shughuli gani, uliza wazee wangali hai. Kanda yenyewe isimamishe wima, mbali na jua, jiko na unyevu wa pwani. Fundi utampata baadaye. Bibi, kwa upande wake, hakutaka faili wala flashi. Aliomba sidii, kwa sababu gari la mjukuu wake lina redio ya sidii, na ndimo wanamosikilizia wakienda dukani Sydney, mji wa huko huko kisiwani.