Nilivyoyafanya matangazo ya Google yatuletee wateja wa visima

Baba mdogo ana kampuni ya kuchimba visima hapa Dar es Salaam. Mimi ndiye ninayepokea simu, kutunza mahesabu na kusimamia matangazo. Nilipokabidhiwa akaunti ya matangazo ya Google, aliyeitengeneza alikuwa ameshaondoka, na ripoti zake zilipendeza: kliki nyingi, tena za bei ndogo. Ila mtambo ulikuwa unalala uani wiki nzima, na wanaopiga simu wengi walikuwa hawana hata kiwanja. Nikajiwekea lengo moja: nijue kila shilingi inayotoka imemleta nani.

Nilianzia kwenye ripoti ya maneno yaliyotafutwa, na mpaka leo naona hakuna ukurasa wenye faida kuliko huo kwenye akaunti nzima. Watu huchanganya vitu viwili. Kuna neno unalolinunua wewe, na kuna maneno ambayo mtu ameyaandika kwenye simu yake. Akaunti yetu ilikuwa imenunua neno "kisima" kwa ulinganifu mpana, maana yake Google inaachiwa iamue utafutaji upi unahusiana nalo. Nilichokikuta kilinisimamisha. Wanafunzi wanatafuta maana ya methali "mchimba kisima huingia mwenyewe". Watu wanataka tafsiri ya ndoto, wameota wanachimba kisima. Vijana wanatafuta nafasi za kazi kwenye migodi ya dhahabu kwa sababu ya neno "uchimbaji". Wote wanabofya, na kila kliki tunailipia.

Hapo nikaanza kazi ya maneno ya kuzuia, yaani maneno ambayo mtu akiyatafuta tangazo letu halitokei, na hapa Kiswahili kina mambo yake. Neno la kuzuia halisambai lenyewe kwenda kwenye umbo jingine la neno hilo. Ukizuia "ndoto", umezuia "ndoto" tu. Aliyeandika "nimeota nachimba kisima" anapita. Ukizuia "kuota", wa "nimeota", "niliota" na "ukiota" bado wanapita. Lugha yetu inabandika viambishi mbele ya kitenzi, kwa hiyo lazima ukae uandike maumbo yote unayoyaona kwenye ripoti, moja moja. Ajira vilevile: ajira, nafasi za kazi, natafuta kazi, kibarua. Madini, dhahabu na migodi nazo nikazifungia.

Lakini kuzuia kunataka busara. Kwa haraka mtu angezuia neno "kazi", na angewapoteza wanaoandika "gharama ya kazi ya kuchimba kisima", ambao ndio hasa tunaowataka. Kwa hiyo nilizuia kifungu kizima, "nafasi za kazi", nikaliacha neno lenyewe. "Mashine" pia nilikuwa nimeiweka kwenye orodha ya kuzuia, nikidhani wanaoiandika wanataka kununua mtambo. Kabla sijahifadhi, akapiga mzee mmoja wa Chanika.

"Dada, nimetafuta mashine ya kuchimba kisima nikawaona nyie. Mnaileta lini?"

Nikamuuliza, "Mzee wangu, unataka kununua mashine?"

"Ninunue ya nini? Nataka maji."

Nikaifuta "mashine" kwenye orodha papo hapo. Watu wengi wa pembezoni mwa mji wanasema mashine wakimaanisha huduma nzima: gari lije, lichimbe, liondoke. Usipopokea simu mwenyewe hutalijua hilo, hata ripoti iwe nzuri kiasi gani.

Ijulikane pia kwamba tangu Septemba 2020 Google imepunguza maneno inayoyaonyesha kwenye ripoti hiyo. Yaliyotafutwa na watu wachache hayaonekani. Ndiyo maana niliacha kutegemea kuzuia peke yake, nikabadilisha na maneno tunayonunua. Neno "kisima" peke yake nililitoa kabisa. Badala yake nikanunua kwa ulinganifu wa kifungu (utafutaji lazima ubebe maana ya kifungu chako) na ulinganifu kamili (lazima uwe na maana ileile): "gharama za kuchimba kisima", "bei ya kuchimba kisima", "kampuni za kuchimba visima", "wachimbaji wa visima Dar es Salaam", na majina ya maeneo kama Kigamboni, Goba, Bunju na Kibaha. Maneno ya Kiingereza nikayatenga kwenye kundi lake, kwa kuwa wanaotafuta kwa Kiingereza kwetu mara nyingi ni shule, hoteli na viwanda, na wao wanauliza mambo tofauti: ujazo wa maji kwa saa, vibali, ankara.

Idadi ya kliki ilishuka sana na bei ya kliki moja ikapanda. Baba mdogo aliponiuliza mbona kliki zimekuwa ghali, nilimfungulia daftari nikamwonyesha waliopiga simu wiki hiyo: wana viwanja, wanauliza mita, wanauliza lini. Akanyamaza, akaniambia endelea.

Kwenye maandishi ya tangazo, kila kichwa kina nafasi ya herufi 30, pamoja na zile nafasi kati ya maneno. Kiswahili kinabanwa hapo. "Uchimbaji wa Visima Dar es Salaam" haiingii, ni 33. "Kuchimba Kisima Dar es Salaam" inaingia kwa 29. Unaruhusiwa kuweka hadi vichwa 15 na maelezo manne ya herufi 90 kila moja, na Google inavichanganya yenyewe. Kwa sababu hiyo hakikisha kila kichwa kinasimama peke yake, maana hujui kitakaa jirani na kipi. Kimoja nilikiandika "Tunapima Maji Kabla Hatujachimba", nikahesabu, kimezidi. Nikakifupisha kuwa "Tunapima Kabla ya Kuchimba". Hicho kimefanya vizuri kuliko vyote, na naelewa kwa nini. Ukanda wetu huu wa pwani una maji ya chumvi sehemu nyingi, na kila mtu anamfahamu jirani aliyechimba akapata maji yasiyofaa hata kuoshea vyombo. Hofu ya mteja wa Dar ni chumvi kwanza, bei baadaye.

Bei ya kuanzia kwa mita pia niliiweka kwenye tangazo lenyewe. Wako watakaokushauri usiweke kwa kuwa inapunguza wanaobofya, na kweli inapunguza. Ila anayeahirisha kwa sababu ya bei ni afadhali aahirishe kabla ya kubofya. Hapa kuna mvutano wa kweli, kwani Google hutoa alama ya ubora kati ya 1 na 10 kwa kila neno, na sehemu mojawapo ya alama hiyo ni makadirio ya watu kubofya. Sehemu nyingine mbili ni uhusiano wa tangazo na kilichotafutwa, na hali ya ukurasa anaofikia mteja. Nilichoona ni kwamba hizi mbili za mwisho zinatosha kukubeba ukizishughulikia, hata ukiwafukuza baadhi ya wabofyaji kwa bei.

Ukurasa ndio ulikuwa mzigo. Tangazo lilikuwa linampeleka mtu kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti, wenye picha kubwa za magari zinazopokezana. Kwa mtu mwenye bando la kubana yupo Mkuranga, huo ukurasa haufunguki kabla hajarudi nyuma. Nikamwomba kijana anayetutengenezea tovuti atengeneze ukurasa mwepesi: kichwa kinachosema alichokitafuta mtu, maelezo ya jinsi bei inavyopatikana (upimaji, mita, mabomba ya kuzuia udongo, pampu, tanki), neno kuhusu kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, picha moja ya maji yakitoka, na kitufe cha WhatsApp pale kidole gumba kinapofika. Vingine vyote vikatoka.

Sasa kupima matokeo, ambako ndiko nilikoweka nguvu nyingi. Kwetu hakuna anayejaza fomu. Watu wanapiga au wanaandika WhatsApp, na mfumo ukihesabu tu waliogusa kitufe, utawahesabu na waliogusa kwa bahati mbaya. Nilifanya mambo mawili ambayo namshauri kila mwenye biashara kama yetu. Kwanza, nilisajili laini mpya ya simu ambayo haipo kwenye gari, kwenye bango wala kwenye kadi, ipo kwenye matangazo ya Google tu. Simu ikiita kwenye laini hiyo, najua imetoka wapi bila kumuuliza mtu. Pili, kiungo cha WhatsApp kinakubali ujumbe ulioandikwa tayari, kwa hiyo kila kampeni ina ujumbe wake wenye alama ndogo mwishoni. Mteja anatuma "Habari, naulizia kuchimba kisima G2", nami najua huyu katoka kundi la Kigamboni.

Kisha kila jina linaingia kwenye jedwali: eneo, alama, tumepima au bado, tumechimba, amelipa. Baada ya muda jedwali hilo likaonyesha jambo ambalo akaunti isingeonyesha kamwe. Maneno yenye "bei" yalileta simu nyingi, lakini maneno yenye jina la eneo yalileta visima. Mtu akishaandika Goba au Bunju, ana kiwanja huko na ameamua. Bajeti nikaihamishia kwao.

Mipangilio nitaigusa kwa kifupi, ila usiipuuze. Kampeni mpya ya utafutaji huja na tiki iliyowekwa tayari kwenye mtandao wa maonyesho, ambao unapeleka tangazo kwenye tovuti na programu nyingine, iondoe. Kwenye eneo, chaguo la kawaida linajumuisha watu wanaopendezwa na mahali pako hata kama hawapo hapo; badilisha libaki la waliopo. Kuna mapendekezo ya Google yanayoweza kujitekeleza yenyewe, na mengine yangekurudisha kwenye ulinganifu mpana; yazime usome moja moja. Ukiyakataa, alama ya uboreshaji, ile Google inayoipa akaunti yako kwa asilimia, inapanda sawasawa na ukiyakubali, kwa hiyo usitishike nayo. Tena Google inaweza kutumia hadi mara mbili ya bajeti yako kwa siku moja, ila kwa mwezi haizidi mara 30.4 ya bajeti hiyo ya siku. Ukiweka dola 10 kwa siku, unaweza kuona 20 leo, lakini mwezi hautapita 304.

Kwenye hilo la eneo nilipata zawadi nisiyoitarajia. Kabla ya kufungia nje ya nchi, niliangalia kwenye jedwali nikakuta wateja wawili watatu wazuri waliandika wakiwa Muscat na London. Ni Watanzania wanaojenga nyumbani. Hao nikawafungulia kampeni ndogo ya peke yao, maneno yaleyale lakini ukurasa tofauti, unaoahidi video ya kila hatua na kipimo cha maji kabla ya malipo ya mwisho. Kaka mmoja wa Muscat alinitumia ujumbe saa nane usiku: "Dada, nimeona video, maji meupe kabisa, mama amefurahi." Watu hawa wameumizwa na mafundi wengi, na ukiwapa uwazi wanakuletea na ndugu zao.

Kuhusu dau, yaani kiasi unachokubali kulipa kwa kliki, nilikaa na dau la mkono ninalolipanga mwenyewe mpaka matokeo yakatosha, ndipo nikauachia mfumo utafute wanaopiga simu badala ya wanaobofya. Ukiuachia mapema, ukiwa na matokeo machache, hauna cha kujifunzia.

Kilichobaki ni msimu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, watu wanakinga maji ya paa na magari yetu hayapiti njia za matope, kwa hiyo bajeti naishusha. Kiangazi naipandisha. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukatangazwa jijini, utafutaji wa visima ulipanda ghafla, sasa nafuatilia habari za Ruvu kila asubuhi kabla sijafungua akaunti, na baba mdogo naye kaanza kuniuliza, "Ruvu inasemaje leo?" kabla hajapanga mtambo uende wapi.